Namna ya Kusoma Matokeo ya Kura ya Mchujo ya Jimbo la Marekani Ukiwa Mwanza

Kila baada ya miaka minne, kuanzia Januari au Februari hadi Juni, vyama viwili vikubwa vya Marekani huwapitisha watia nia wao wa urais katika kura za mchujo zinazopigwa jimbo kwa jimbo, na kila msimu huo unapofika, vijiwe vya kahawa vya Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, hupata mada ya kubishania asubuhi. Ubishi huo huharibika mapema kwa sababu watu huulizana nani ameshinda, ilhali katika kura hizi hilo ni swali la pili. La kwanza ni kwamba wamepatikana wajumbe wangapi, na wamepatikana wapi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa uandishi wa habari pale Nyegezi, mtangazaji wa redio ya mkoani na mtu yeyote anayependa siasa za mbali, ili aweze kulijibu swali hilo mwenyewe kwa karatasi, kalamu na simu, bila kumsubiri mchambuzi wa televisheni.

Jua kwanza kinachopigiwa kura

Msomaji wa Tanzania huja na picha ya chama chake kichwani, na picha hiyo inafaa kama mahali pa kuanzia. Mwaka 2015, Kamati Kuu ya CCM ilipeleka majina matano ya watia nia wa urais kwenye Halmashauri Kuu ya Taifa, Halmashauri Kuu ikayapunguza hadi matatu, kisha Mkutano Mkuu uliofanyika Dodoma ukamchagua John Magufuli mbele ya Amina Salum Ali na Asha-Rose Migiro. Mwanachama wa kawaida wa Nyamagana au Ukerewe hakupiga kura katika hatua yoyote kati ya hizo, wajumbe walimpigia.

Marekani nayo ina mkutano mkuu wa chama, na ni huko, si kwingine, ambako mgombea hupatikana rasmi. Tofauti ni kwamba wengi wa wajumbe wa mkutano huo huenda wakiwa wamefungwa na matokeo ya kura ya mchujo ya jimbo lao, kiasi kwamba mpiga kura wa South Carolina anapoweka alama kwenye jina la mtia nia, kwa hakika anagawa wajumbe. Mwaka 2024 mkutano mkuu wa Chama cha Republican ulikuwa na wajumbe 2,429, na mtia nia alihitaji 1,215 ili apitishwe. Mwaka 2020 Chama cha Democratic kilikuwa na wajumbe 3,979 waliofungwa na kura, na aliyefikisha 1,991 alikuwa amemaliza kazi katika duru ya kwanza. Utaratibu huu haukuwapo siku zote: mwaka 1968 Hubert Humphrey alipitishwa na Wademocrat bila kushiriki hata kura moja ya mchujo, na hasira iliyofuata ndiyo iliyokilazimisha chama kubadili kanuni zake.

Kwa hiyo, kabla ya siku ya kura, chukua karatasi na uandike juu yake namba tatu: wajumbe wa jimbo husika, wajumbe ambao kila mtia nia tayari anao, na idadi inayotakiwa ili kushinda nchi nzima. Asiye na namba hizo atafuata kelele tu.

Maswali ya kuuliza siku chache kabla

Anza na swali ambalo wengi hulidharau: je, kura hii inagawa wajumbe kweli? Februari 2024, jimbo la Nevada liliendesha kura ya mchujo ya Republican tarehe 6, ambayo Nikki Haley alikuwa mtia nia wake mkuu, na siku mbili baadaye chama chenyewe kikaendesha mikutano ya kaukasi ambayo Donald Trump alishiriki. Wajumbe wote 26 walitolewa kwenye kaukasi. Kura ya mchujo haikutoa hata mmoja, na juu ya hayo wapiga kura zaidi ya asilimia 60 waliweka alama kwenye kisanduku cha kukataa majina yote yaliyokuwamo, wakamwacha Haley nyuma ya mpinzani asiye na jina. Aliyesoma vichwa vya habari peke yake alipata kichekesho kizuri, lakini hakuwa na chochote cha kuandika kwenye karatasi yake.

Tukio hilo linaonyesha pia nani anaendesha nini. Kwa kawaida kura ya mchujo huendeshwa na serikali ya jimbo, kwa vituo vya kupigia kura, karatasi na mashine zilezile za uchaguzi mwingine, wakati kaukasi ni mikutano ya chama, inayoendeshwa na chama na kutangazwa na chama. Katika hali ya kwanza utatafuta matokeo kwenye tovuti ya mamlaka ya uchaguzi ya jimbo. Katika hali ya pili utakitegemea chama, na chama kinaweza kukwama, kama Wademocrat wa Iowa walivyokwama mwaka 2020 baada ya programu yao ya simu ya kutuma matokeo kushindwa kufanya kazi.

Uliza tena nani anaruhusiwa kupiga kura. Kwetu, mwenye kadi ya chama ndiye mwenye kura ya maoni, na New York na Florida zinafanana na hilo kwa kuwa ni waliojiandikisha na chama tu wanaoruhusiwa. New Hampshire huwaruhusu wasio na chama kuchagua karatasi ya chama kimojawapo. South Carolina haiandikishi wapiga kura kwa chama kabisa, kwa hiyo mpiga kura yeyote anaweza kushiriki upande autakao, ila si pande zote mbili: mwaka 2024 aliyepiga kura ya Democratic tarehe 3 Februari alizuiwa kupiga ya Republican tarehe 24. Jambo hili hueleza kwa nini mtia nia anayependwa na watu wa kati huvuna kura katika jimbo moja na kukauka katika jimbo la jirani.

Pangilia saa zako

Sehemu hii ni fupi lakini ndiyo inayowakosesha watu usingizi bure. Kati ya Novemba na Machi, Mwanza iko mbele ya saa za mashariki mwa Marekani kwa saa nane. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi, wanaposogeza saa zao mbele, tofauti hubaki saba. Vituo vya South Carolina hufungwa saa moja usiku, yaani saa tisa usiku kwetu, na tarehe imeshageuka. Vya California hufungwa saa mbili usiku kwa saa za huko, ambayo kwa kura ya mwanzoni mwa Machi ni saa moja asubuhi hapa, wakati daladala za Buhongwa zimeshajaa. Kwa kura ya Juni ni saa kumi na mbili asubuhi. Jimbo moja laweza kuwa na saa mbili tofauti: sehemu kubwa ya Michigan hufunga vituo saa moja nzima kabla ya wilaya chache za kaskazini-magharibi yake, na hakuna anayemtangaza mshindi kabla hizo hazijafunga.

Usijisumbue na kijiji cha Dixville Notch cha New Hampshire, ambacho wakazi wake wachache hupiga kura usiku wa manane na kutangaza matokeo dakika hizohizo, kwetu ikiwa saa mbili asubuhi. Mwaka 2024 wapiga kura wake wote sita walimchagua Haley, na jioni yake akashindwa jimboni.

Kuhusu vifaa, chaji simu mapema, maana umeme hauna rafiki, na tumia kurasa za maandishi na majedwali badala ya video, kwa sababu jedwali la matokeo halili bando na ndilo utakalolihitaji.

Hesabu yenyewe

Hapa ndipo pa kukaa. Vyama viwili havigawi wajumbe kwa njia moja, kwa hiyo usichukue kanuni ya kimoja ukaipeleka kwa kingine.

Chama cha Democratic hugawa kwa uwiano, lakini uwiano wenye kizingiti: mtia nia ambaye hakufikisha asilimia 15 hapati kitu, na kura zake hutolewa kwenye hesabu kabla ya kugawa. Tazama South Carolina ya tarehe 29 Februari 2020, iliyokuwa na wajumbe 54. Joe Biden alipata asilimia 48.7 ya kura, Bernie Sanders 19.8, na Tom Steyer, tajiri aliyemwaga fedha nyingi jimboni humo, zaidi ya asilimia 11. Steyer na waliomfuata wakaanguka chini ya kizingiti. Sasa chukua kalamu: jumlisha za waliobaki, 48.7 na 19.8, upate 68.5, kisha gawa 48.7 kwa 68.5. Jibu ni asilimia 71 na ushee. Biden alitoka na wajumbe 39 na Sanders 15, yaani Biden alichukua asilimia 72 ya wajumbe kwa chini ya nusu ya kura. Tofauti ndogo kati ya 71 na 72 inatokana na kwamba hesabu haifanywi mara moja kwa jimbo zima: sehemu ya wajumbe hugawanywa kwa kura za jimbo lote, na sehemu kubwa zaidi hugawanywa ndani ya kila wilaya ya uchaguzi wa Bunge la nchi hiyo, kila moja peke yake.

Mgawo wa wilaya ndio unaowachanganya hata wanaojiita wataalamu, kwa hiyo tuulete nyumbani. Tuseme Mkoa wa Mwanza ungekuwa jimbo la Marekani, Sengerema ikapewa wajumbe wanne na Magu watano, na wapiga kura wa wilaya hizo mbili wakawa sawa kwa idadi. Watia nia ni wawili, mwalimu na mvuvi. Sengerema mwalimu anamshinda mvuvi kwa mbali, asilimia 60 kwa 40. Zidisha nne kwa 0.60, unapata 2.4, zidisha nne kwa 0.40, unapata 1.6. Kila mmoja hupewa kwanza namba yake kamili, mwalimu wawili na mvuvi mmoja, na mjumbe aliyebaki huenda kwa mwenye sehemu kubwa zaidi baada ya nukta, ambaye ni mvuvi. Wametoka wawili kwa wawili. Magu mvuvi anashinda kwa tabu, 51 kwa 49: tano mara 0.51 ni 2.55, tano mara 0.49 ni 2.45, na mjumbe wa mwisho ni wa mvuvi, watatu kwa wawili. Jumlisha wilaya zote mbili: mwalimu ana asilimia 54.5 ya kura na wajumbe wanne. Mvuvi ana asilimia 45.5 na wajumbe watano.

Hakuna aliyeibiwa hapo. Katika wilaya ya wajumbe wanne, ili kupata watatu ni lazima uvuke asilimia 62.5, wakati katika wilaya ya wajumbe watano kura moja ya ziada inatosha kukupa watatu. Timu ya kampeni inayojua hesabu hupeleka mabango na magari yake kwenye wilaya za namba witiri. Watu wa ukanda wa ziwa waliofuatilia mwaka 2008, ambao Kogelo ya Siaya ilijaa wageni na redio zikawa hazina habari nyingine, watakumbuka kwamba Hillary Clinton alitangazwa mshindi wa kaukasi za Nevada, lakini mgawo ukampa Barack Obama wajumbe 13 na yeye 12. Texas, mwezi Machi mwaka huohuo, Clinton alishinda kura ya mchujo kwa karibu asilimia 51 dhidi ya 47, lakini jimbo hilo lilikuwa na kaukasi pia usiku uleule, na hesabu zote zilipounganishwa Obama akawa na wajumbe 99 dhidi ya 94. Kambi ya Obama ilikuwa imesoma kanuni mapema kuliko wapinzani wake, na kwa maoni yangu hilo lilimsaidia sawasawa na hotuba zake.

Kwa Chama cha Republican, kila jimbo lina kanuni yake, na kazi yako ni kuitafuta kabla ya usiku wa matokeo. Majimbo mengine hugawa kwa uwiano. Mengine humpa mshindi kila kitu: Florida, tarehe 15 Machi 2016, ilimpa Trump wajumbe wake wote 99, na Marco Rubio, seneta wa jimbo hilohilo, akajitoa usiku ule. South Carolina imesimama katikati. Ina wajumbe 50, ambao 29 humwendea mshindi wa jimbo zima, na 21 waliobaki hugawanywa watatu watatu kwa mshindi wa kila wilaya kati ya wilaya saba za Bunge. Mwaka 2016 Trump alipata asilimia 32.5 tu ya kura, lakini kwa kuwa alishika nafasi ya kwanza jimboni na katika kila wilaya, alibeba wote 50. Mwaka 2024 Haley, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo hilo, alipata asilimia 39.5, yaani zaidi ya alivyopata Trump miaka minane nyuma, na akaondoka na wajumbe watatu, wale wa wilaya ya kwanza iliyoko pwani ya Charleston. Ukiyashika matokeo haya mawili, utaelewa kwa nini namba ya asilimia bila kanuni ya mgawo ni namba ya bure.

Usiku wa matokeo

Jambo la kwanza litakalokushangaza ni kwamba mshindi anaweza kutangazwa kabla ya kura kuonekana zimehesabiwa. Usiku wa South Carolina wa 2020, shirika la habari la Associated Press lilimtangaza Biden mara vituo vilipofungwa. Anayetangaza hapo si tume. Ni chombo cha habari, ambacho kimewahoji wapiga kura wengi na kuona kwamba pengo ni kubwa mno kuzibika. Mamlaka ya jimbo huthibitisha matokeo siku nyingi baadaye. Tofauti na hapa kwetu, ambako tunasubiri Tume itamke, huko mtia nia hukubali au kukataa kushindwa kwa kutegemea tangazo la vyombo vya habari, na hadi sasa utaratibu huo umewatosha katika kura za mchujo.

Pengo likiwa dogo, angalia kura zinatoka wapi. Jedwali zuri hukuonyesha matokeo kwa kila kaunti, na sehemu zenye watu wachache mara nyingi huleta zao mapema kuliko miji mikubwa. Mtia nia anayeongoza kwa kura za mashambani huku mji mkubwa ukiwa haujaingia bado hajaongoza. Kinyume chake kipo pia, kwa kuwa majimbo mengine huanza kutoa kura za mapema na za posta, ambazo huweza kumpendelea mtu mmoja, kisha kura za siku yenyewe zikabadili hali. California huchukua wiki kadhaa kumaliza, kwa sababu hupokea hata bahasha zilizofika baada ya siku ya kura mradi zilitumwa kwa wakati, kwa hiyo usijaze wajumbe wake kwa kalamu ya wino asubuhi ya kwanza.

Utaona pia majina ya watu waliokwisha kujitoa yakiendelea kupata kura. Kwa upande wa Democratic, mtia nia Pete Buttigieg alijitoa tarehe 1 Machi 2020 na mwenzake Amy Klobuchar siku iliyofuata, lakini kufikia tarehe 3, siku ambayo majimbo 14 yalipiga kura kwa pamoja, watu wengi walikuwa wameshawapigia kwa posta au mapema. Kura hizo ni halali na huhesabiwa kwenye asilimia, na kwa Wademocrat zinaweza hata kumsukuma mwingine chini ya kizingiti cha 15.

Kulipeleka kijiweni au redioni

Asubuhi mzee mmoja atakuuliza, "Haya mwanangu, kashinda nani?" Mjibu kwa heshima, lakini usimpe jina peke yake. Tarehe 8 Machi 2016 Sanders aliishinda Michigan kwa takribani pointi moja na nusu, jambo ambalo kura za maoni za utafiti hazikulitabiri kabisa, na dunia nzima ikaandika juu ya mshangao huo. Michigan ilimpa wajumbe 67 na Clinton 63. Usiku huohuo Mississippi, ambayo haikuandikwa sana, ilimpa Clinton wajumbe 31 na Sanders watano. "Mzee, Sanders kashinda Michigan, lakini jana Clinton kaongeza pengo kwa wajumbe 22," ndilo lilikuwa jibu sahihi, na mzee wa Mwaloni anayepima dagaa kwa debe kila siku hatashindwa kulielewa.

Hata hivyo, usifute kabisa upande wa mshangao, maana una nguvu yake. Mwaka 1968 Rais Lyndon Johnson aliongoza kura ya New Hampshire, lakini Eugene McCarthy, seneta wa chama chake mwenyewe, akapata asilimia 42 dhidi ya rais aliye madarakani, na kabla ya mwezi huo kwisha Johnson alikuwa ametangaza kwamba hatagombea. Fedha na wafadhili hufuata mshangao kuliko wanavyofuata hesabu, kwa hiyo kwenye karatasi yako weka safu mbili: wajumbe, na nani amejitoa au kumuunga mkono nani ndani ya saa 48. Siku tatu kabla ya South Carolina ya 2020, mbunge wa jimbo hilo, Jim Clyburn, alimuunga mkono Biden; siku tatu baada yake, majimbo 10 kati ya yale 14 yalimwendea.

Kwa mtangazaji, habari iliyokamilika husomeka hivi: "Donald Trump ameshinda kura ya mchujo ya Republican ya South Carolina kwa karibu asilimia 60 dhidi ya 39.5 za Nikki Haley, na kwa kanuni ya jimbo hilo amepata wajumbe 47 kati ya 50. Anahitaji 1,215 ili apitishwe." Ikiwa wajumbe bado hawajagawanywa wote, sema waliogawanywa ni wangapi na waliobaki ni wangapi, kisha rudi kwenye jedwali mchana, kwa sababu wilaya moja iliyobadilika mkono yatosha kuhamisha wajumbe watatu.